Kicheko Darasani: Hadithi Moja ya O. Henry katika Shule za Marekani

Tarehe 6 Julai 1907 gazeti la Saturday Evening Post, lililokuwa likitolewa kila juma katika mji wa Philadelphia kwa bei ya senti tano, lilichapa hadithi fupi ya O. Henry iitwayo "The Ransom of Red Chief", yaani Fidia ya Jumbe Mwekundu. Mambo yake ni mepesi kusimulia. Walaghai wawili, Sam na Bill, wana dola mia sita tu, nao wahitaji elfu mbili zaidi wapate kukamilisha hila ya kuuza viwanja vya uongo katika magharibi ya Illinois. Basi wanamwiba mwana wa pekee wa tajiri mmoja katika mji mdogo wa Alabama, wanamficha pangoni, na kumwandikia baba yake barua ya kudai fidia. Kumbe mtoto huyo wa miaka kumi hajapata kufurahi maishani mwake kama siku zile za kutekwa. Anajiita Jumbe Mwekundu, anachomeka manyoya mawili ya mkia wa tumbusi katika nywele zake nyekundu, anamfanya Bill mateka wake na farasi wake pia, na alfajiri anakutwa amemkalia kifuani, kisu cha kukatia nyama mkononi, tayari kumchuna ngozi ya kichwa. Fidia inashushwa kutoka dola 2,000 hata 1,500. Baba mtu anajibu kwa barua ya adabu kwamba yu radhi kumpokea mwanawe iwapo wao watamlipa dola 250, na waje usiku, kwa kuwa majirani wanadhani mtoto amepotea na huenda wakawadhuru watakaomrudisha. Walaghai wanalipa na kutoroka.

Hadithi hii imekuwa ikifundishwa kwa muda mrefu katika madarasa ya Kiingereza ya Marekani, hasa kwa wanafunzi wa miaka kumi na miwili hata kumi na mitano, na ni mojawapo ya hadithi chache za kuchekesha zilizojipatia makao ya kudumu katika vitabu vya kiada. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni lile lililokipata kicheko chake kilipoingia humo. Kicheko hicho, kwa sehemu kubwa, kimejengwa juu ya maneno makubwa yaliyotiwa katika vinywa visivyoyastahili. Darasa nalo, kwa desturi yake, huyaheshimu maneno makubwa. Limeyatoa katika hadithi, likayapanga katika orodha, na kuwataka watoto wayahifadhi kwa moyo. Mzaha ukageuka kuwa somo la msamiati, na mwalimu akabaki akishangaa kwa nini wanafunzi wake hawacheki.

Msomaji wa mwaka 1907 alikuja kwenye hadithi hii na kumbukumbu ambazo mwanafunzi wa leo hana. Tarehe 1 Julai 1874, katika kitongoji cha Germantown, Philadelphia, watu wawili wenye gari la farasi waliwashawishi watoto wawili wa Christian Ross kwa peremende na ahadi ya kuwanunulia fataki za sikukuu ya tarehe 4 Julai. Mkubwa aliachwa njiani. Mdogo, Charley, mwenye umri wa miaka minne, alichukuliwa, na baba yake akaletewa barua za kudai dola 20,000, ingawa biashara yake ilikuwa hoi na watu walimdhania utajiri asiokuwa nao. Charley Ross hakuonekana tena. Katika hadithi ya O. Henry, Bill anamwendea mtoto akiwa katika gari la farasi, naye anamwahidi mfuko wa peremende na matembezi. Jibu analolipata ni kipande cha tofali kwenye jicho. Ulinganifu huo haukuwa na haja ya kuelezwa kwa mtu aliyelisoma gazeti hilo, na hasa katika mji ule ule lilimochapwa.

Kisa cha pili kilikuwa kibichi zaidi. Mnamo Desemba 1900, katika mji wa Omaha, kijana Edward Cudahy, mwana wa tajiri wa biashara ya nyama, alitekwa, na baba yake akalipa dola 25,000 za dhahabu. Kijana akarudi salama. Mtu aliyeshukiwa, Pat Crowe, alishtakiwa kwa unyang'anyi, maana sheria ya Nebraska ya wakati ule haikuwa na kifungu cha kufaa kwa kosa la kuteka mtu wa umri ule. Mwezi Februari 1906 wazee wa mahakama walimwachilia huru, na wako waliolishangilia neno hilo, kwa kuwa matajiri wa nyama walikuwa wakichukiwa na watu wa kawaida. Huo ni mwaka mmoja tu kabla ya hadithi kuchapwa. O. Henry hakumfanya baba wa mtoto kuwa mtu wa kuhurumiwa: ni mkopeshaji wa fedha kwa rehani za nyumba, hodari wa kuzinyakua rehani hizo mdeni akishindwa, na mpitisha sahani ya sadaka kanisani. Anapoipokea barua ya walaghai anaifikiri kama biashara nyingine yoyote, anaona bei imezidi, na kutoa bei yake. Walaghai wanashindwa na mlaghai aliye na leseni.

Mwandishi aliujua mpaka huo kati ya biashara na jinai kwa mwili wake mwenyewe. Jina lake la haki lilikuwa William Sydney Porter, aliyezaliwa Greensboro, North Carolina, tarehe 11 Septemba 1862. Masomo yake yalikoma alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nayo karibu yote aliyapata katika shule ndogo ya shangazi yake, Lina Porter. C. Alphonso Smith, aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni kisha akawa profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Virginia, aliandika katika wasifu alioutoa mwaka 1916 kwamba shangazi huyo alikuwa na desturi ya kuanza kusimulia hadithi, akaikatiza, na kumtaka mtoto mmoja baada ya mwingine aiendeleze. Ni vigumu kuwaza somo la Kiingereza lililozaa matunda zaidi, na halikuwa na orodha ya maswali.

Kutoka Greensboro, alikofanya kazi katika duka la dawa la ami yake, Porter alikwenda Texas mwaka 1882 kukaa katika shamba la kondoo, na inajulikana kwamba kitabu alichokuwa hakiachi huko ni kamusi kubwa ya Webster. Kuanzia mwaka 1891 hata 1894 alikuwa karani wa fedha katika benki moja ya Austin. Hesabu zilionekana na upungufu. Alishtakiwa, akatorokea Honduras mwaka 1896, akarudi mwaka uliofuata kwa sababu mkewe alikuwa mahututi, na mwezi Februari 1898 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alitumikia zaidi ya miaka mitatu katika gereza la Columbus, Ohio, akifanya kazi ya dawa usiku na kuandika hadithi, kisha akatoka mwezi Julai 1901 na kuhamia New York na jina jipya. Mtu aliyekaa miaka mitatu kati ya matapeli na wezi, akiwa na kamusi nzima kichwani, alikuwa na sababu ya kusikia vizuri jinsi matapeli wanavyosema wanapotaka kuonekana watu wa maana.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Msimulizi ni Sam, naye anasimulia kwa Kiingereza cha mwanasheria asiyefaulu mtihani. Akitaka kueleza kwa nini watu wa miji midogo wanawapenda watoto wao, hasemi hivyo; anatumia neno philoprogenitiveness, ambalo lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wanachuoni wa ile elimu ya uongo ya kusoma tabia za watu katika matuta ya fuvu, kwa kuunganisha Kiyunani na Kilatini kama mtu aungaye kanzu na suruali. Akitaka kusema kwamba wakulima wa mji ule ni watu wasio na madhara, anaokota neno la vitabuni lenye maana ya "dhuru", analitia kiambishi cha kukanusha, na kutoa neno undeleterious ambalo hakuna aliyekuwa akilihitaji. Bill naye, akikusudia kusema kwamba wazo la kuteka mtoto liliwajia akili zilipopotoka kidogo, anakosa neno la aberration na kutumia apparition, yaani mzuka. Kila mmoja wao anavaa nguo ya kuazima, na nguo haimwenei.

Si kwamba O. Henry anawacheka kwa ujinga wao tu. Usemi huo ni chombo cha kazi yao. Mwuza viwanja vya uongo hana viwanja. Alicho nacho ni maneno, na kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo mnunuzi anavyoogopa kuuliza. Sam amekaa miaka mingi akiwalaghai watu kwa Kilatini cha bandia hata hawezi tena kusimulia balaa lake mwenyewe kwa lugha nyingine. Mbele yake wamesimama watu wawili ambao usemi huo hauwatishi: mtoto, ambaye ana usemi wake wa vita na mateka, wala hasikii mwingine, na baba yake, ambaye barua yake ni fupi, safi, yenye heshima, na haina neno moja lililozidi. Msomaji anayezitofautisha daraja hizi tatu za usemi anacheka katika kila ukurasa. Asiyezitofautisha anasubiri mwisho.

Ili kufahamu jinsi darasa lilivyomfanya mwanafunzi kuwa msomaji wa namna hii ya pili, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Kiingereza kama somo lenye fasihi ndani yake si kikongwe katika shule za Marekani. Mwaka 1874 Chuo cha Harvard kilianza kuwataka waombaji waandike insha juu ya vitabu vilivyotajwa, na shule zikawa hazina hiari ila kuvifundisha vitabu hivyo. Kamati ya Watu Kumi, iliyoteuliwa mwaka 1892 chini ya uenyekiti wa Charles W. Eliot, mkuu wa chuo hicho hicho, ilishauri Kiingereza kifundishwe miaka yote minne ya shule ya sekondari. Na kuanzia mwaka 1894 vyuo vilianza kupatana juu ya orodha moja. Humo mlikuwa na Julius Caesar ya Shakespeare, Silas Marner ya George Eliot, na hotuba ya Edmund Burke ya mwaka 1775 juu ya kusuluhiana na makoloni ya Amerika. Mbinu ya kusoma ilirithiwa kutoka darasa la Kilatini: neno huchambuliwa asili yake, sentensi huvunjwa viungo vyake, na maelezo ya chini ya ukurasa hushinda matini kwa urefu. Hadithi ya kuchekesha iliyoandikwa jana katika gazeti la senti tano haikuwa na nafasi hapo.

Idadi ya wanafunzi ndiyo iliyoivunja orodha. Mwaka 1890 shule za sekondari za umma zilikuwa na wanafunzi wapatao 203,000 katika nchi nzima. Mwaka 1910 walikuwa 915,000. Mwaka 1930 walikaribia milioni 4 na laki 4. Wengi wao hawakuwa wakielekea chuo chochote, na wengi walikuwa watoto wa wahamiaji ambao nyumbani kwao Kiingereza hakikusemwa. Walimu waliokutana Chicago mwezi Desemba 1911 na kuunda Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza walikusudia, pamoja na mambo mengine, kuipinga amri ya vyuo juu ya vitabu. Taarifa iliyohaririwa na James Fleming Hosic, iliyotolewa na serikali mwaka 1917, ilitaka somo la Kiingereza liyatumikie maisha ya mwanafunzi, na fasihi ya siku hizo ipewe mlango. Hadithi fupi ilifaa kuliko kitu chochote: ilikwisha katika kipindi kimoja, na Wamarekani waliihesabu kuwa fani yao wenyewe tangu Edgar Allan Poe alipoieleza kanuni yake mwaka 1842. O. Henry alikuwa amefariki tarehe 5 Juni 1910, na hadithi ya Jumbe Mwekundu ikaingizwa mwaka huo huo katika mkusanyiko wake uitwao Whirligigs. Tangu mwaka 1919 tuzo ya kila mwaka ya hadithi fupi ikawa na jina lake. Mfungwa wa Columbus akawa mwandishi wa shule.

Lakini mlango ulipofunguka mbinu haikubadilika sana. Mwalimu aliyezoea kuchambua Burke alichambua O. Henry kwa zana zile zile, akaongeza mbili mpya. Ya kwanza ilikuwa piramidi ya Gustav Freytag, Mjerumani aliyeeleza muundo wa tamthilia katika kitabu cha mwaka 1863: mwanzo, kupanda, kilele, kushuka, mwisho. Ilibuniwa kwa ajili ya misiba ya Kiyunani na ya Shakespeare, nayo ikachorwa ubaoni kwa ajili ya mtoto anayemtia mtu kiazi cha moto mgongoni. Ya pili ilikuwa elimu ya kinaya, iliyogawanywa mafungu matatu: kinaya ya maneno, kinaya ya tukio, na kinaya ya mhusika kutojua lile ambalo mtazamaji analijua. Mwanafunzi hodari ataandika kwamba hapa pana kinaya ya tukio, maana wateka mtoto ndio wanaotoa fidia.

Jibu hilo ni sahihi, nalo lapata alama zote. Hata hivyo halina uhusiano mkubwa na kicheko. Kinaya hiyo ya tukio imo yote katika muhtasari uliotolewa mwanzoni mwa makala haya, na hapana mtu aliyepata kuanguka kwa kucheka akisoma muhtasari. Tukio linasalimika katika kila usimulizi. Kinachopotea ni sauti ya Sam. Na ile sehemu ya hadithi yenye sauti ya Sam ndiyo iliyotiwa alama na kufasiriwa pembeni mwa ukurasa, neno kwa neno, kana kwamba Sam ni mfano wa kuigwa. Mtoto anaambiwa alitunge sentensi yake mwenyewe kwa neno ambalo mwandishi alilitia hadithini ili lichekwe. Anaweza kumaliza zoezi lote bila kufahamu kwamba msimulizi anasema kwa namna ya kipuuzi. Bali zoezi lenyewe linamfundisha kinyume chake, kwamba hivi ndivyo waandishi wakubwa wanavyoandika.

Wahakiki wa vyuo hawakusaidia. Cleanth Brooks na Robert Penn Warren, ambao kitabu chao Understanding Fiction cha mwaka 1943 kilitawala ufundishaji wa hadithi kwa miongo kadhaa, walimchukua O. Henry kama mfano wa kasoro: waliitia "The Furnished Room" katika kitabu ili waoneshe jinsi mwisho wa kushtukiza unavyoweza kuwa hila isiyotokana na hadithi yenyewe. Kwa hadithi ile walikuwa na haki. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwalimu aliyefunzwa nao aliondoka chuoni akijua mambo mawili juu ya O. Henry, ya kuwa yeye ni mwisho tu, na ya kuwa mwisho huo haufai, kisha akakutana naye tena katika kitabu cha kiada cha watoto wa miaka kumi na mitatu. Louise Rosenblatt alikwisha andika mwaka 1938 katika Literature as Exploration kwamba fasihi hutimia katika kukutana kwa msomaji na matini, na kwamba itikio la mwanafunzi ndilo mwanzo wa somo. Kwa hadithi ya kuchekesha neno hilo lina uzito wa pekee, maana itikio lenyewe hujionyesha: watu wamecheka au hawakucheka. Ilichukua muda mrefu kabla walimu wengi hawajalisikiliza.

Aliyemsikia O. Henry vizuri zaidi, ajabu ni kwamba, alikuwa mgeni wa lugha. Boris Eikhenbaum, mwanachuoni wa Kirusi, alitoa mwaka 1925 uchunguzi juu ya O. Henry na nadharia ya hadithi fupi. Alikubali kwamba hadithi fupi hukusanya uzito wake wote mwishoni. Lakini alionyesha pia kwamba O. Henry aghalabu anazifanyia mzaha kanuni za hadithi huku akizitumia, na kwamba usemi wake una kazi kubwa katika mzaha huo. Yamkini mtu aliyejifunza Kiingereza kwa jitihada anatambua upesi zaidi neno lililovaa vazi lisilo lake, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kulivaa.

Liko jambo jingine katika hadithi hii ambalo darasa lilikaa miaka mingi bila kulitaja. Mtoto anacheza mchezo wa Wenyeji wa asili wa Marekani, wale waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, na mchezo wake una mambo matatu tu: kuteka, kuchoma moto, na kuchuna vichwa. Aliyapata wapi? Riwaya za senti kumi zilikuwa zikiuzwa tangu mwaka 1860, na maonyesho ya Buffalo Bill, yaliyoanza mwaka 1883, yaliutembeza mfano huo mji kwa mji. Wenyewe hawakuwapo kumsahihisha. Sheria ya kuwahamisha ilitiwa sahihi tarehe 28 Mei 1830, na katika miaka iliyofuata Wakriki na jirani zao waliondolewa kwa nguvu kutoka katika nchi hiyo hiyo ambayo jina lake, Alabama, ni la kabila mojawapo lao. Na mwaka ule ule wa 1907, katika shule ya Carlisle, Pennsylvania, iliyodumu kuanzia 1879 hata 1918, watoto wa Wenyeji walikuwa wakikatwa nywele na kukatazwa kusema lugha zao ili wafundishwe Kiingereza. Mtoto mweupe wa hadithi anachomeka manyoya kichwani na kupiga ukelele wa vita kwa furaha. Mtoto wa Carlisle angeadhibiwa kwa kutamka neno moja la mama yake. Tarehe 25 Oktoba 2024 Rais Joe Biden aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake kwa ajili ya shule za namna hiyo. Mwalimu anayefundisha hadithi hii sasa hawezi kuupita mchezo wa mtoto kama utani mtupu, wala si lazima auharibu utani kwa kulisema hilo. Jumbe Mwekundu ni mfano mwingine wa usemi wa kuazima: mtoto ameyaokota maneno ya vita katika vitabu vya senti kumi kama vile Sam alivyoyaokota yake katika kamusi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala hili si la mbali. Nchini Kenya diwani za hadithi fupi, kama Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine na baadaye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, zimepata kutahiniwa katika shule za sekondari, na mtahiniwa huulizwa juu ya kinaya, taswira na tashbihi kwa namna ambayo mwalimu wa Marekani angeitambua mara moja. Ucheshi wa tukio huvuka hatari hizo bila jeraha. Visa vya Abunuwasi vimesafiri kutoka Kiarabu hata Kiswahili na bado vinachekesha, kwa kuwa hila ya Abunuwasi ni kitendo, na kitendo chasimulika kwa lugha yoyote. Ucheshi wa usemi ndio unaohitaji sikio, na njia mojawapo ya kulipima sikio ni kujaribu kutafsiri.

Tuseme "The Ransom of Red Chief" inatiwa katika Kiswahili. Mfasiri atakayempa Sam Kiswahili sanifu cha kitabuni atakuwa ameiua hadithi katika ukurasa wa kwanza. Lugha hii ina akiba yake ya maneno mazito yenye asili ya Kiarabu, ambayo msemaji hupanda juu yake anapotaka kuonekana mwanachuoni au mtu wa mahakama, na kila mtu wa pwani amepata kumsikia dalali asemaye "muamala" na "kwa mujibu wa" wakati anauza mbuzi mgonjwa. Hiyo ndiyo sauti ya Sam. Kosa la Bill nalo linapatikana. Badala ya kusema kwamba wazo lile liliwajia "tulipoghafilika", aseme "tulipoghofiriwa": neno la kusamehewa dhambi na Mwenyezi Mungu, alilolisikia mazikoni, akalipenda kwa mlio wake. Mji wa Summit, ambao jina lake lamaanisha kilele nao umelala bapa kama mkate wa kuchoma juu ya bamba la chuma, waweza kuitwa Kilele na kulinganishwa na chapati, na hakuna kilichopotea. Jina la mtoto ni gumu zaidi. "Jumbe" ni cheo cha kweli chenye historia yake pwani na bara, chenye adabu ndani yake, wala si neno la riwaya za senti kumi. Limetumiwa hapa kwa kukosa jingine.

Mahali pamoja panaonyesha vizuri kiasi cha uhuru anaouhitaji mfasiri. Bill, baada ya usiku wake wa kwanza na mtoto, anamwuliza Sam kama anajua ni nani ampendaye kuliko watu wote wanaotajwa katika Biblia, naye anamtaja Mfalme Herode. Msomaji Mkristo anakumbuka mara moja watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya mfalme huyo, na anacheka. Kitabu cha kiada hueleza hilo pembeni, na kicheko kinakuja kimechelewa, kama hakikufa njiani. Kwa msomaji wa Lamu au Unguja aliyelelewa chuoni, mfasiri angeweza kuacha Biblia na Herode, akamfanya Bill aulize juu ya watu wanaotajwa katika Kurani, kisha ajibu: Firauni, aliyekuwa akiwachinja watoto wanaume wa Bani Israili. Hapo hapangehitajika maelezo yoyote pembeni.